Kufuli kwenye tovuti ya chama cha mama

Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyojifunza maana ya ile herufi "s" iliyo kwenye https.

Chama cha mama kiliniomba tovuti ndogo ya kuweka hesabu za michango. Nikakodi seva yenye Ubuntu, nikaandika:

sudo apt update
sudo apt install apache2

Dakika chache tu, ukurasa wa Apache ukafunguka. Nikaweka programu yangu, akina mama wakaanza kuingia, nami nikajiona fundi.

Juma moja baadaye kurasa zikawa nzito. Nikaingia kwenye seva nione kinachopita:

sudo tcpdump -A port 80

Nilichokiona ni jina la mweka hazina na neno lake la siri, tarakimu nne, wazi kabisa. Nikampigia simu.

"Mama, hiyo namba unaitumia kwingine?"

"Si ndiyo ya M-Pesa, mwanangu. Nisije nikasahau."

Nilinyamaza. HTTP hupeleka maneno jinsi yalivyo. Yeyote aliye njiani, kwa mfano mwenye Wi-Fi ya hotelini, angeweza kusoma nilichosoma mimi. Nikamwomba abadilishe PIN siku hiyo hiyo, kisha nikaizima Apache.

Chuoni nilisoma usimbaji nikafaulu vizuri, lakini kuuweka nilisema nitauweka kesho. Hata kisingizio cha bei sikuwa nacho, maana Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti bure tangu 2015. Nikaiwasha Apache tena, nikaandika:

sudo apt install certbot python3-certbot-apache
sudo certbot --apache

Cheti kikatoka, lakini tovuti ikakataa kufunguka. Nilihangaika hadi usiku wa manane. Kumbe ufw, mlinzi wa milango ya seva, nilikuwa nimemruhusu kufungua mlango wa 80 tu, na HTTPS hupitia 443:

sudo ufw allow 443/tcp

Kufuli likatokea. Cheti kilikuwa cha siku 90, hivyo nikajaribu kama kitajihuisha chenyewe:

sudo certbot renew --dry-run

Kikakubali.

Kufuli hilo hulinda njia tu. Yaliyo ndani ya seva bado ni jukumu langu. Tangu siku hiyo naweka cheti kwanza, ndipo namkaribisha mtumiaji wa kwanza. Nawe ukiweka seva, fanya hivyo kabla mama wa mtu hajaandika PIN yake.