Miguu ya mgonjwa wa kisukari ikandwe, lakini itazamwe kwanza

Kamati ya msikiti wetu hapa Katesh ililetewa ombi ambalo halikuwahi kufika mezani petu kabla yake. Kijana mmoja mwenye kazi ya kukanda miguu aliomba kila Ijumaa, baada ya swala, aruhusiwe kutandika mkeka uani na kuwahudumia wazee wenye kisukari. Alikuja na chupa ya mafuta pamoja na bango lenye mchoro wa unyayo uliogawanywa vipande: vidole ndiyo kichwa, katikati ya unyayo ndipo kwenye kongosho, kisigino ndiyo nyonga. Juu ya mchoro huo yaliandikwa maneno kwamba kisukari kinatibika kupitia nyayo.

Kazi ya ukatibu ndiyo iliyotutwika jukumu la kuandika jibu, na jibu hilo lilituchukua majuma matatu. Halikuwa jepesi, kwa sababu wazee wenyewe walimtaka kijana yule.

Yamkini msomaji mwenye miguu mizima atashangaa. Na amsikilize mzee wetu mmoja wa safu ya kwanza, ambaye sasa anaswali juu ya kiti. Anasema usiku nyayo zake huwa kama zimechomwa sindano, kisha zikapakwa pilipili. Shuka likigusa vidole, anashtuka. Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na baridi yake ya Juni na Julai huteremka hadi vitandani mwetu; mtu hawezi kulala bila kujifunika, na huyu hawezi kujifunika. Mtu wa namna hiyo akipata mikono ya kumkanda hata robo saa, akapata usingizi, utamwambia nini?

Basi tulianza kwa kuwauliza wenye elimu ya jambo hili. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu pamoja na vijishipa vya damu vinavyoilisha. Mishipa mirefu zaidi ndiyo inayotangulia kudhurika, na hakuna mirefu kuliko ile inayofika vidoleni mwa miguu. Ndiyo maana ugonjwa huanzia huko chini, miguu yote miwili, kisha hupanda taratibu kama soksi inayovutwa. Mwanzoni mshipa ulioumia hupiga kelele: moto, sindano, miale kama ya umeme. Baadaye hunyamaza. Na hapa ndipo penye hatari ambayo wengi wetu hatukuijua: mgonjwa anayesema miguu imeacha kuuma huenda hajapona hata kidogo, bali mshipa umekufa na ganzi imeingia. Mkandaji husifiwa siku hiyohiyo.

Kuhusu ukandaji wenyewe, haki inatutaka tuseme yaliyo mema. Kugusa kwa upole kunashindana na maumivu katika njia ya kuelekea ubongoni, ndiyo sababu mtoto akijigonga hukimbilia kujisugua. Misuli hulegea, na mgonjwa huona kuwa yupo anayemjali. Tafiti ndogo zilizofanywa India na Uturuki ziliwaona wagonjwa wa kisukari wakieleza kupungua kwa maumivu baada ya kukandwa miguu kwa majuma kadhaa. Lakini zilihusisha watu wachache na muda mfupi, na hazithibitishi kwamba mshipa uliokufa ulifufuka. Ama ile ramani ya viungo, kwa sura tunayoiona leo ilienezwa na Mmarekani Eunice Ingham katika miaka ya 1930. Kubonyeza katikati ya unyayo kunaweza kumstarehesha mtu. Kwamba kunaliamsha kongosho, hilo halijathibitika.

Madhara nayo yapo. Mzee wetu huyo wa safu ya kwanza aliwahi kuota moto kwenye jiko la mkaa, na harufu ndiyo iliyomjulisha kwamba kisigino chake kinaungua. Yeye hakusikia kitu. Mguu wa namna hiyo ukibonyezwa kwa dole gumba kwa nguvu, ukakwaruzwa kwa kucha, au ukatumbukizwa katika maji ya moto, mwenyewe hatasema “basi”. Jeraha dogo lisilosikika huwa kidonda ndugu, kidonda huingia hadi mfupani, na mwisho wake ni msumeno wa daktari. Yupo pia mgonjwa ambaye mguu mmoja huvimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, pengine bila maumivu makubwa. Huyo mifupa yake ya mguu huenda inavunjikavunjika ndani kwa ndani, au ana damu iliyoganda, au ana usaha. Huyo asikandwe kabisa. Apumzishwe mguu na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Zaidi ya hayo tuliangalia sheria mbili. Ya kwanza ni ya dini yetu: imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba anayetibu watu hali hajulikani kuwa na ujuzi wa tiba hubeba dhamana ya madhara anayosababisha. Ya pili ni ya nchi: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalowasajili watoaji wa huduma hizo. Tukamuuliza kijana usajili wake. Hakuwa nao.

Tukamjibu kwamba tungempokea akikamilisha usajili, bango likiondolewa, akikagua kila mguu kabla ya kuugusa, akikataa wenye vidonda, na asimwambie mtu yeyote aache vidonge. Wanawake wangekandwa na mwanamke. Alikubali mengi, ila la bango lilimshinda. “Katibu,” alisema, “bila bango hilo nani atakuja?” Akachukua mkeka wake akaelekea mnadani. Hatumsemi vibaya, mikono yake ilikuwa mizuri, na wazee wawili aliowahudumia kwa majaribio walilala. Baadhi ya wazee walitununia, na wapo wanaotununia hadi leo.

Kwa ajili yao ndipo tulipoona kwamba kazi hii ina wenyewe, nao ni watu wa nyumbani: mke, mume, mwana, mjukuu. Haihitaji ramani. Mguu uoshwe kwa maji vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya, kamwe si kwa mguu wa mgonjwa. Ukaushwe vizuri, hasa katikati ya vidole. Kisha uletwe kwenye mwanga, utazamwe juu, chini, kisigino na kati ya kidole na kidole: pana mpasuko, lengelenge, weusi, unyevu, mwiba? Palipo na kidonda hapaguswi. Pakiwa salama, mafuta kidogo, hata haya ya alizeti tunayokamua wenyewe, yapakwe juu na chini lakini si katikati ya vidole, maana unyevu huko hualika fangasi. Kiganja, wala si ncha ya dole, kipite polepole kutoka vidoleni kuelekea kifundoni, dakika 10 au 15 kwa kila mguu. Anayekanda aulize kila mara, na akumbuke kwamba kwenye ganzi jibu la mgonjwa halitoshi.

Muislamu ana wasaa ambao wengine hawana. Mara tano kwa siku tunaifikia miguu yetu kwa udhu, na Mtume (s.a.w.) aliwaonya vikali waliokuwa wakiacha visigino vikavu, akafundisha kupitisha kidole katikati ya vidole vya miguu. Macho yakifuata pale mkono unapopita, ukaguzi wa miguu umekwisha. Tunachokiongeza ni taulo dogo la kukaushia, na kandambili za kutoka bombani hadi mlangoni, kwani changarawe za ua wetu hazina huruma. Mwenye shida ya kuosha miguu katika baridi hii amuulize imamu juu ya kupaka maji juu ya khofu na masharti yake. Mkaazi ana ruhusa ya mchana na usiku wake.

Maumivu yenyewe yana dawa hospitalini. Amitriptilini, kidonge cha bei nafuu kinachonywewa usiku, huwasaidia wagonjwa wengi, ingawa si ya kila mtu, hasa wazee wenye maradhi ya moyo. Aliyetumia metformini kwa miaka mingi amwambie daktari kuhusu ganzi yake, kwani dawa hiyo inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Vitunguu saumu vya Mbulu tunavipenda, na pilau bila hivyo haina ladha, lakini havishiki nafasi ya kidonge.

Mzee wetu tulimsindikiza hadi Hospitali ya Haydom, ambayo Walutheri wamekuwa wakiwahudumia watu wa dini zote tangu mwaka 1955. Muuguzi alimwambia afumbe macho, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Kila alipoguswa alipaswa kusema “naam”. Sehemu nyingi zilipita kimya, na mkewe aliyekuwa amekaa pembeni akainamisha kichwa.

Siku hizi mama huyo humkanda mumewe kila baada ya Isha, tochi ikiwa pembeni. Moto wa usiku umepungua, haujaisha. Juma lililopita, kabla hajagusa mafuta, aliona nukta nyeusi chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto: mwiba wa mgunga, umevunjikia ndani. Mzee alikuwa ametembea nao hadi msikitini swala zote za siku hiyo, wala hakuwa na habari. Asubuhi waliupeleka mguu zahanati, mwiba ukatolewa, na kidonda kikafungwa kikiwa bado hakijazidi punje ya mtama.