Dari Kabla ya Hita

Ushuhuda wangu unahusu dari. Ni mbao za mbili kwa mbili, misumari na vipande vya siling bodi vilivyopigiliwa juu ya kitanda cha mama yangu, hapa Dongobesh, wilaya ya Mbulu. Nausimulia kwa sababu kila Juni inapokaribia majirani huniuliza ni hita gani inayofaa kwa mtu wa kipato cha kawaida, na jibu ninalowapa sasa silo ambalo ningewapa kabla mama hajahamia kwetu.

Wanaoijua Tanzania kwa Dar es Salaam hudhani baridi kali ni habari ya Makete na Njombe. Wilaya yetu inaanzia chini, bonde la Ziwa Eyasi, kwenye mita elfu moja na kidogo juu ya usawa wa bahari, ikapanda hadi kupita mita 2,000 huko Kainam na kwenye msitu wa Nou. Kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua takriban nyuzi 6. Ndiyo maana mtu wa Yaeda Chini anatafuta kivuli saa ambayo mtu wa Kainam bado hajavua koti, na wote wawili ni wa Mbulu. Ukivuka kwenda Hanang mambo ni hayo hayo: Katesh iko miguuni mwa mlima wa mita 3,417, na upepo unaoshuka jioni hauulizi umevaa nini.

Mama alizaliwa Kainam, katika nyumba ya asili ya Wairaqw. Nyumba hizo zilichimbwa kwenye mteremko, hivyo ukuta wa nyuma ulikuwa kilima chenyewe. Juu ziliwekwa nguzo, fito na nyasi, kisha udongo ukatandazwa, paa likawa bapa. Wazee wanasema zilijengwa hivyo pia ili adui aliyekuja kupora ng'ombe asizione kwa mbali. Ndama walilala ndani pamoja na watu, na moto haukuzimika. Udongo haupokei joto haraka wala hauliachi haraka, kwa hiyo usiku wa Julai nyumba ilibaki na uvuguvugu wa mchana.

Kasoro yake ilikuwa moshi. Hata alipohamia nyumba ya bati, mama aliendelea kukoka moto wa kuni ndani, na baada ya miaka mingi kifua kikamlemea. Tulimpeleka Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wanorwei mwaka 1955, ambayo watu wa pande hizi huikimbilia tangu zama za babu zetu. Daktari aliyempima alisema mambo mengi, ila lililobadilisha maisha yetu lilikuwa fupi: akae mbali na moshi. Kuishi peke yake na kuni zake kukawa hakuwezekani tena. Akaja kwetu.

Nyumba yetu ni ya kisasa kwa kipimo cha hapa. Ina matofali ya kuchoma, lipu, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo na bati la geji 30. Dari haikuwepo. Mimi na mume wangu tulikuwa vijana, watoto walilala watatu kitanda kimoja, na baridi tuliizoea. Mwanamke mzee mwenye kifua kibovu hana nafasi ya kuizoea. Bati ni jembamba mno kuzuia chochote. Usiku usio na mawingu hulitupa joto lake angani hadi likawa baridi kuliko hewa yenyewe, na alfajiri unyevu wa pumzi za watu waliolala hugeuka matone chini yake na kudondoka kitandani.

Siku za mwanzo mama hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu.

"Mwanangu, niletee jiko la mkaa chumbani. Mkaa ukishakolea hauna moshi."

Alisema kweli, na hatari iko katika ukweli huo. Mkaa uliokolea hautoi moshi, lakini unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa, hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mwili ukakosa hewa huku mapafu yakifanya kazi. Mtu huhisi kichwa kizito, kizunguzungu na usingizi, na kwa kuwa ni usiku anafikiri usingizi huo ni wa kawaida. Kila msimu wa baridi zinasikika habari za familia zilizofunga madirisha, zikaweka jiko ndani na hazikuamka. Nafundisha darasa la saba, na haya huwa nawaambia wanafunzi wangu. Kumwambia mama mzazi kwamba hapati moto alioishi nao maisha yake yote ni kazi nyingine. Nilimwahidi kwamba nitampatia joto la namna nyingine, nikiwa bado sijui ni namna gani.

Fedha iliyokuwepo ilitoka kwenye saumu. Mume wangu analima Bashay, ambako vitunguu saumu ndivyo vinavyolipa ada na kuezeka nyumba, na mwaka ule bei haikuwa mbaya. Tulitenga laki nne, tukaenda Babati kuuliza madukani.

Muuzaji alituonyesha hita ya umeme yenye feni, ya wati 2,000. Bei yake ilikuwa ndogo, na ukiiwasha dukani unahisi umeshamaliza matatizo yako. Nikamwomba karatasi na kalamu. Wati 2,000 kwa saa moja ni uniti 2. Ukiwasha kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku ni uniti 8, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 240. Sisi tuko kwenye kundi la matumizi madogo ya nyumbani, ambalo bei tuliyokuwa tukilipa, kabla ya kodi na tozo, ilikuwa shilingi 100 kwa kila uniti katika 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila inayozidi. Matumizi yetu ya kawaida ni kama uniti 50, yaani shilingi 5,000. Tukijumlisha na hita zinafika 290: shilingi 7,500 kwa zile 75, na shilingi 75,250 kwa zile 215 zilizobaki. Jumla 82,750. Kwa Juni, Julai na Agosti, hita ya bei ndogo ingekula zaidi ya nusu ya bajeti yote, na mwaka unaofuata ikaanza upya. Isitoshe, ikizimwa saa sita, saa saba chumba kimesharudi palepale, kwa sababu joto linapanda juu na juu kuna bati.

Alituonyesha pia kiyoyozi cha kupoza na kupasha, kile kinachochukua joto la nje na kulileta ndani. Hicho kwa umeme ni bora kuliko hita, maana kwa uniti moja kinaweza kuingiza joto la uniti tatu hivi. Bei ya kukinunua na kukifunga ilipita uwezo wetu mara kadhaa, na bado kingekuwa kinapasha bati. Hita ya gesi niliikataa bila hesabu: inawaka ndani ya chumba, inakula hewa ya mgonjwa wa kifua na inaongeza unyevu. Tulirudi Dongobesh na fedha yetu mfukoni.

Njia ilifunguliwa na watu wawili. Wa kwanza ni mama mwenyewe. Jioni moja alikuwa amekaa sebuleni amejifunika shuka, akiangalia juu kwenye kenchi. Akasema, "Nyumba yenu imevaa koti zuri, ila kichwa kiko wazi." Wa pili ni shemeji yangu, fundi wa Katesh, aliyefika wiki hiyo kusalimia. Baada ya "Shikamoo, Mama" na uji, alizunguka chumba, akapitisha kiganja pale ukuta unapokutana na bati. Mawimbi ya bati yalikuwa yameacha vitundu vya kuingiza vidole, ukutani kote. Akaweka kiganja chini ya mlango, kisha kwenye dirisha. "Shemeji," akaniambia, "hata ukiweka tanuri humu, utakuwa unapasha joto mlima Hanang."

Kwanza tulifanya yasiyogharimu kitu. Tulimhamisha mama chumba. Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata jua siku nzima, na ukuta wa magharibi hulipokea alasiri yote. Chumba cha pembe ya kaskazini-magharibi, ambacho watoto walikuwa wanakikwepa mwezi wa kumi kwa joto, ndicho akapewa bibi yao. Matofali ya kuchoma yakishapigwa na jua mpaka jioni huendelea kutoa joto ndani hadi usiku uingie sana. Pazia linafunguliwa asubuhi na kufungwa kabla jua halijazama.

Kisha tukaziba. Vitundu vya juu ya ukuta tulivijaza udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majani makavu, ufundi ambao mama aliusimamia akiwa kwenye kiti, akikosoa. Chini ya mlango tuliweka mfuko mrefu wa kitambaa uliojazwa mchanga. Tundu moja la hewa lililo juu ya dirisha shemeji alitukataza kuliziba, kwa sababu chumba cha kulala lazima kipumue, hasa cha mgonjwa.

Ndipo ikaja dari, iliyokula sehemu kubwa ya laki nne. Jipsamu ilikuwa nzuri lakini ghali, na haipendi unyevu wa bati linalotiririka alfajiri. Tulichagua siling bodi, chumba kimoja tu. Mimi nilitaka juu yake tujaze majani ya ngano, ambayo mashamba ya Basotu yana ya kutosha. Shemeji akakataa: majani huita panya, panya hutafuna nyaya, na nyaya zikichunwa juu ya majani makavu nyumba inaondoka. Hewa iliyotulia kati ya bodi na bati, alisema, inatosha kwa kuanzia.

Na kitanda? Chenchi iliyobaki ilinunua mpira wa maji ya moto, ule unaouzwa maduka ya dawa. Nao niliufanyia hesabu. Uniti moja ya umeme inachemsha karibu lita 9 za maji, hivyo lita 2 za mpira hutumia chini ya robo ya uniti. Saa moja ya ile hita ya Babati ingejaza mpira huo mara nane au zaidi. Maji tunayaacha yapoe kidogo, mpira tunauvika kitambaa kizito, maana ngozi ya mzee huungua bila yeye kusikia, na tunauweka miguuni nusu saa kabla hajapanda kitandani.

Namshukuru Mungu, mama analala. Bado huvaa soksi na bado hujifunika shuka juu ya blanketi, lakini matone ya alfajiri hayamwangukii tena, na kikohozi cha usiku kimepungua kiasi cha yeye kuanza kukosoa mapishi yangu. Jiko la mkaa halijaingia chumbani. Uniti zetu za mwezi hazijawahi kufika 75.

Jambo ambalo sikulitarajia lilitoka Yaeda Chini. Mdogo wangu anafanya kazi ya afya huko, na shida yake ni kinyume cha yangu: saa nane mchana, mwezi wa Oktoba, bati linamimina joto kichwani. Alikuwa anaweka akiba ya kiyoyozi, ingawa umeme wake ni wa paneli ndogo ya jua ambayo betri yake kiyoyozi kingeinyonya ikaisha kabla ya saa kupita. Alipoona chumba cha mama akaenda kufanya vilevile, akiongeza mambo mawili: matundu makubwa kwenye kuta za pembe tatu juu ya dari, ili hewa ya moto itoke kabla haijashuka, na chokaa nyeupe juu ya bati ili lirudishe jua. Feni ndogo inamtosha sasa. Dari ile ile inayozuia joto la mama lisipande ndiyo inayozuia joto la bati lisimshukie mdogo wangu. Hakuna mashine ya bei hiyo inayopasha Dongobesh na kupoza Yaeda Chini bila kula uniti hata moja.

Shemeji sasa anawaambia hivyo wateja wake. Baada ya tope na mawe ya mlima Hanang kuiangukia Katesh tarehe 3 Desemba 2023, watu wengi wilayani kwao walilazimika kuanza ujenzi upya, na anasema nyumba inayoinuka ndiyo rahisi kuirekebisha. Kuziba mawimbi ya bati wakati fundi yuko juu ya kenchi ni kazi ya saa chache. Kugeuza dirisha litazame kaskazini kwenye ramani hakugharimu tofali hata moja.

Kwa hiyo jirani anayeniuliza habari za hita namuuliza kwanza: usiku unasikia upepo unatoka wapi? Aanze hapo, kisha jua, kisha dari, kisha kitanda. Akifika mwisho wa orodha na bado anatetemeka, anunue hita. Ndogo itamtosha, kwa sababu joto lake litakaa. Kwetu sebule bado haina dari, na wageni wa Julai wanakunywa chai na makoti yao mwilini. Saumu ya mwaka huu ikiuzika vizuri, shemeji ameshaahidi kuja kabla ya baridi.