Bwana Samaki wa Kigogo

Sisi tuliozaliwa Bahi, huko Ugogoni, kando ya mbuga ambayo Mto Bubu huijaza wakati wa mvua na jua likaikausha hata ardhi ikapasuka, twamjua tangu utotoni kambale, mwenye kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua yake, ambaye maji yakipungua hujifukia topeni akaishi siku nyingi. Basi nilipoajiriwa idara ya uvuvi nikapelekwa pwani, nikaitwa Bwana Samaki na wazee walionishinda mbali kwa ilimu ya bahari, aliyenishughulisha kuliko wote alikuwa kinyume cha huyo: papa wa bahari kuu ambaye Rafinesque alimpa jina la Isurus oxyrinchus mwaka 1810. Huyu hapati pumzi ila kwa kwenda. Akinaswa katika jarife asiweze kusonga mbele, hufa.

Kumtambua akiwa kamili si taabu, kwani mgongo wake ni buluu iliyokolea, pua imechongoka, na meno marefu membamba huonekana hata kinywa kikifumbwa. Lakini aghalabu hufika dikoni hana kichwa wala mapezi, na rangi imekwisha kufifia. Hapo nilitazama shina la mkia, ambako kila ubavu pana ukingo uliotokeza mithili ya mkuku wa jahazi, jambo ambalo papa wengi wa pwani hawana. Mwenziwe, Isurus paucus, aliyeelezwa mwaka 1966 tu, hutambulikana kwa mapezi ya ubavuni yaliyo sawa na kichwa kwa urefu au zaidi, na weusi chini ya pua.

Mishipa ipelekayo damu kwenye misuli ya oxyrinchus imepangwa sambamba na ile irudiyo, hata joto la kazi likabaki mwilini badala ya kupotelea matamvuani, na kwa nguvu hiyo humwandama jodari, aliyejaaliwa mpango kama huo. Jike huchukua mimba miezi 15 hadi 18, na vitoto tumboni hula mayai ya mama yao. Nilipowasimulia hayo wazee wa Nungwi, huko pwani, walicheka: "Hayo ya kwenu Ugogoni, Bwana Samaki."

Kwa uzazi huo wa pole pole, mwaka 2019 mkataba wa CITES uliwatia Isurus wote wawili katika orodha ya viumbe ambavyo biashara yake baina ya nchi yataka kibali. Tangu hapo, ijapokuwa nimestaafu, vijana wa forodha hunipigia simu wakaanza kunieleza rangi, nami huwaomba kwanza wautazame mkia.