TULICHOKIPOTEZA MWAKA 2020 NA NJIA YA KUKIRUDISHA



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wetu wapenzi, katika toleo hili tumeona tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo wengi wanadhani limekwisha pita, nalo bado tumekaa nalo mkekani.

Tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule kwa ajili ya maradhi ya korona. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, na waliobaki wakarudi tarehe 29 Juni. Nasi tulisimamisha darasa zetu muda huo, na Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria ikawakuta watoto majumbani.

Wapo wanaosema: siku 104 ni kitu gani? Wenzetu wa Kenya walirudi wote Januari 2021, na Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Duniani kote wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikaa nje ya madarasa. Ni kweli, sisi tulifungiwa muda mfupi. Lakini hasara ya elimu haipimwi kwa kuhesabu siku peke yake. Mtu hutazama pia siku hizo zilimkuta mwanafunzi akiwa amefika wapi.

Siku moja, hasara mbalimbali

Siku zile ziliangukia masika. Huku kwetu delta, Salale, Mbuchi, Maparoni na Kiongoroni, ndiyo siku za mpunga. Jamaa huhamia mashambani, wakakaa kwenye madungu, na watoto wakaamia ndege kutwa. Mwingine alifuatana na wajomba zake dago. Mwingine alijifunza kukamata kaa mikokoni, akauza, akaonja pesa yake mwenyewe. Hizo ni kazi za halali, na mtoto kumsaidia mzazi wake ni jambo jema. Masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni, lakini dunguni televisheni itatoka wapi?

Madrasa ilipofunguliwa tulimsikiliza mwanafunzi mmoja mmoja. Tulikuta makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale waliokuwa wakisoma kwa mfululizo. Hao walisahau baadhi ya sura, na si ajabu, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Qur'an iliyohifadhiwa hukimbia upesi kuliko ngamia anayejifungua kamba. Baada ya wiki mbili tatu za kurudia, wengi walirejea walipokuwa.

Kundi la pili ni wale waliokuwa kwenye irabu, wanaozijua herufi moja moja lakini kuziunganisha bado. Hawa somo lilikuwa halijawashika. Nanyi watoto wa Rufiji mnajua: maji yakipita juu ya mpunga uliokwisha shika mizizi, mche huinama kisha ukainuka. Yakipita juu ya mbegu iliyomwagwa jana, huondoka nayo.

Shuleni mambo ni magumu zaidi, kwa sababu darasa huenda na mwaka. Wengi waliokuwa darasa la kwanza mwaka 2020 walifika darasa la sita mwaka 2025, wanajua kusoma au hawajui. Tunawaona wakija jioni na madaftari yao. Ukurasa mzima umeandikwa kwa mwandiko mzuri, umenakiliwa ubaoni. Ukimwambia akusomee mstari mmoja, anatazama chini.

Tena wengine walipigwa mara mbili. Aprili 2024 mto ulifurika, nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti yakaingia maji, na mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya. Zipo sehemu ambazo masomo yalisimama tena.

Maradhi yaliyobaki ni aibu

Madrasa zetu tangu zamani kila mtoto ana somo lake. Aliyesahau hurudishwa nyuma mpaka pale anapopaweza, na hiyo ni neema. Lakini kurudishwa kuna uzito wake. Kijana wa miaka 12 kukaa mkeka mmoja na mtoto wa miaka 7, na yule mdogo akamshinda kusoma! Wadogo walicheka. Walikuwapo vijana waliokuja siku tatu kisha tusiwaone. Ukikutana naye bandarini Nyamisati atakwambia, "Maalim, kazi zimenibana." Kilichombana ni kuchelea mdogo wake asijue kwamba yeye hajui.

Ndipo tukaanza kuwasikiliza vijana hao baada ya Isha, mmoja mmoja, bila ya wadogo kuwapo. Alhamdulillah, wapo waliorudi kwa njia hiyo na leo wanawasomesha wenzao. Wengine hatujawapata mpaka sasa, nao ndio hasa waliotufanya tuandike maneno haya.

Usia wetu

Kwanza, wewe uliyebaki nyuma. Qur'an iliteremka kwa muda wa miaka 23, na wengi katika maswahaba walianza kujifunza wakiwa watu wazima. Mtume (S.A.W.) ametubashiria kwamba anayeisoma kwa kubabaika na kwa taabu ana ujira mara mbili. Basi mwenye ujira mara mbili aone haya kwa nani? Njoo baada ya Isha.

Pili, wewe unayejua. Usimcheke mwenzako. Kaa naye nusu saa, akusomee, umsahihishe taratibu. Kwa kufundisha, na chako kitakaa imara.

Tatu, msimu wa mpunga ukifika, juzuu yako na kitabu chako cha shule viende nawe dunguni, vifunge vizuri visilowe. Ndege hawaji kila dakika. Kurasa mbili kwa siku zinatosha kulizuia somo lisikimbie.

Nne, dada zetu mlioacha shule. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba walioacha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi. Waambieni na wenzenu waliobaki vijijini, huenda habari hii haijawafikia.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Tunamuomba Allah (S.W.) awafungulie vifua vyenu, awazidishie elimu yenye manufaa, na awarejeshe wenzetu wote ambao nafasi zao mkekani bado zipo. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.