Hesabu ya Jua na Giza la Jikoni

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Yamkini hawakuiona betri ya sola. Betri ya risasi na asidi ikikamuliwa kila usiku hadi tone la mwisho, kisha asubuhi ikose jua la kuijaza, hufa kabla ya wakati wake. Hapo ndipo koroboi iliyokuwa imetupwa darini hurejeshwa mezani.

Kakamega iko karibu na Ikweta, na mgeni angedhani jua lake halina mgawo. Lakini hii ni nchi ya msitu na mvua ya alasiri. Wingu likitanda, paneli hupumzika. Kwa hivyo fundi mwenye busara hapimi kwa jua la kiangazi. Hupima kwa mwezi wenye mawingu mengi.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Na lichukuliwe, kwa mfano, boma moja la Shinyalu lisilofikiwa na nyaya za umeme. Taa 4 za wati 5, zikiwaka saa 5 kila usiku, hutumia wati-saa 100. Redio na simu, 60. Jumla ni 160. Tuseme mwezi mbaya huleta jua kamili la saa 4 kwa siku, na asilimia 30 ya nguvu hupotelea katika joto, vumbi, nyaya na betri. Paneli ya wati 60 itatosha. Ili kustahimili siku 2 za mawingu bila kuigusa zaidi ya nusu ya akiba, betri ya volti 12 yahitaji takriban ampea-saa 53. Mtambo ukizidi kiasi, karo ya mtoto hulala juu ya paa. Ukipungua, giza huingia kabla ya daftari kufungwa.

Lakini je, zile wati-saa 160 zilitajwa na nani? Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Arne Jacobson, mtafiti aliyechunguza sola vijijini Kenya, alionyesha katika makala yake ya mwaka 2007 kwamba runinga, redio na simu aghalabu zilitangulizwa mbele ya masomo na kazi za kuleta kipato. Si ajabu. Fundi huketishwa sebuleni na kuzungumza na mwenye boma. Jikoni, aghalabu nyumba ya kando yenye moshi, haionekani kutoka kitini pale. Kanuni za mwaka 2012 zilimtaka fundi wa sola awe na leseni, nalo ni jambo jema, ila leseni haimwoni asiyeulizwa. Hata kompyuta ikipewa orodha isiyotaja jikoni, itatoa jibu bora kabisa la boma lisilo na jikoni.

Basi, kabla kalamu haijagusa karatasi, na aulizwe mama anayepika gizani, na mwana anayedurusu. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini penye wazee pekee, taa ya jikoni husahaulika.