Kutu na Rangi



Dominika ya Pili ya Pasaka, ambayo tangu mwaka 2000 Kanisa lote huiadhimisha kama Dominika ya Huruma ya Mungu, hutuletea kila mwaka Injili ile ile: Tomaso akialikwa kuyagusa majeraha ya Bwana. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya mashaka ya Tomaso. Badala yake nitaandika juu ya skrubu. Naomba mnivumilie hadi mwisho.

Wengi wenu mnamfahamu Katekista wetu, na mnaukumbuka mguu wake. Miaka miwili iliyopita, wakati wa masika, tulianguka na pikipiki tukitoka kigangoni. Mimi nilitoka na michubuko. Yeye mfupa wa muundi ulivunjika mahali pawili. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa bamba na skrubu saba, akatembea kwa magongo miezi mingi. Hivi karibuni, mfupa ukiwa umeunga barabara, daktari aliviondoa vyuma hivyo na kumkabidhi katika kichupa. Alikuja nacho nyumbani kwetu mapadri, akakitikisa kama njuga, akasema: "Baba, kumbe miaka yote miwili nilikuwa nimevaa vito ndani ya mguu!"

Tulizimwaga skrubu mezani. Baadhi zilikuwa na rangi ya dhahabu, nyingine buluu ya kung'aa. Na ukiigeuza moja kidogo dirishani, rangi yake ilibadilika kama shingo ya njiwa. Nilidhani zimepakwa rangi. Nikajiuliza ni rangi gani hiyo inayoweza kukaa ndani ya mwili wa mtu, katikati ya damu na nyama, bila kubanduka.

Jibu nililipata kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, ambaye pia huimba sauti ya pili katika kwaya yetu. Alizitazama akatabasamu. "Baba, hapa hakuna rangi iliyopakwa. Hii ni titani, na unachokiona ni ngozi yake yenyewe."

Si vyuma vyote vya mifupa ni titani. Vingine ni chuma cha pua. Titani hupendwa kwa sababu ni nyepesi, ni imara, na mwili huipokea vizuri. Mwaka 1952, daktari Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, akichunguza mifupa ya sungura, aliona kwamba kifaa chake cha titani kilikuwa kimeshikamana na mfupa kiasi cha kutong'oka. Mwili haukutani na metali tupu bali na ngozi nyembamba ya oksidi, ambayo titani hujivika mara tu inapoguswa na hewa. Mafundi huikuza ngozi hiyo kwa umeme, na kazi hiyo huitwa kuanodisha, kwa kuwa chombo kinachotiwa rangi hufungwa upande chanya wa umeme, yaani anodi. Watengenezaji wa vyuma vya mifupa huitumia kutofautisha ukubwa wa skrubu, ili daktari asikosee chumbani mwa upasuaji.

Siku chache baadaye mwalimu alituonyesha kwa macho. Kwa ruhusa ya Katekista alichukua skrubu moja ya dhahabu, akaisugua kwa msasa. Rangi ikaondoka mara moja, ikabaki kijivu kama msumari wa kawaida. Akaiosha kwa sabuni, kisha kwa spiriti, na akanikataza nisiiguse. Alama ya kidole tu, alisema, huacha baka, kwa maana mafuta ya ngozi yetu huzuia kazi isifanyike sawasawa. Akaandaa bilauri ya maji yenye magadi kidogo. Upande hasi aliufunga kwenye kijiko cha chuma cha pua, upande chanya kwenye kichwa cha skrubu, akaizamisha nusu yake tu. Chanzo cha umeme kilikuwa betri ndogo za volti 9 zilizounganishwa mfululizo. (Enyi vijana, msijaribu bila mwalimu. Betri hizo zikiwa nyingi, umeme wake ni wa hatari.)

Alianza na betri 3, yaani volti 27. Mapovu madogo yalipanda kwenye kijiko, na ndani ya sekunde chache skrubu ikapita kwenye rangi ya kahawia, kisha zambarau, ikatulia kwenye buluu. Akaongeza hadi betri 6, volti 54. Buluu ikafifia, ikapauka, halafu dhahabu ikachomoza. Katekista alipiga makofi.

Mwalimu akaeleza. Umeme huilazimisha oksijeni iliyomo katika maji kuungana na metali, na ngozi ya oksidi inakuwa nene zaidi, takriban nanomita 2 kwa kila volti. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ngozi nzima ya dhahabu ile haifikii hata sehemu ya mia ya unene wa unywele. Ngozi hiyo haina rangi yake, ni angavu kama kioo. Mwanga unapoifikia, sehemu yake hurudi kutoka juu ya ngozi, na sehemu nyingine hupenya, ikagonga metali iliyo chini, ndipo ikarudi. Mianga hiyo miwili ikikutana, baadhi ya rangi huimarishana na nyingine hufutana. Ndivyo ilivyo pia kwa povu la sabuni, na kwa mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi mbele ya gereji. Oksidi hiyo hiyo ikiwa unga ndiyo weupe wa rangi nyingi tunazopaka kutani. Madini yake yalichimbwa katika mchanga wa Kwale, mwambao wa Kenya, kuanzia mwaka 2013 hadi 2024.

Nilimwomba airudishe skrubu kwenye buluu, kwa kuwa niliipenda zaidi. Akatikisa kichwa. "Haiwezekani, Baba. Kupunguza umeme hakupunguzi ngozi. Ilichopitia imekipitia. Ama tuikwangue tuanze upya, ama tusonge mbele."

Ndipo nilipouliza swali ambalo halijaniacha hadi leo. Nilisema: "Lakini metali kuungana na oksijeni, si ndiyo kutu?" Akajibu: "Ni ndugu wa kutu, Baba. Chuma cha kawaida kikiungana na oksijeni na unyevu, kinachotokea ni vumbi jekundu lisiloshika. Linabanduka, linafungua njia, na chuma huendelea kuliwa hadi ndani. Titani ikiungana na oksijeni, ngozi yake hushika, ikafunga mlango. Hewa ni ile ile. Kimoja inakila, kingine inakilinda."

Wapendwa, hapa sina budi kuwaambia jambo ambalo sikuwahi kuwaambia. Siku ile ya ajali niliwaeleza kwamba tuliteleza kwa sababu ya mvua na ubovu wa barabara. Mvua ilikuwepo, na barabara ilikuwa mbovu. Lakini Katekista alikuwa ameniomba tusubiri. Alisema, "Baba, tulale hapa, njia itakauka kesho." Mimi nilikuwa na Misa nyingine, na nilikuwa na haraka, na, kusema kweli, nilikuwa na kiburi cha mtu asiyependa kuelekezwa. Nikamwambia apande. Niliyekuwa nikiendesha ni mimi.

Yeye hakumwambia mtu yeyote. Watu walipomtembelea hospitalini na kuilaumu mvua, alinyamaza. Nami nilinyamaza, lakini kunyamaza kwetu hakukuwa kwa aina moja. Dhambi hiyo niliiungama katika Sakramenti ya Kitubio, nami naamini Mungu alinisamehe. Hata hivyo sikumwendea ndugu yangu. Nilisimama altareni Dominika baada ya Dominika nikijua fika yale Bwana aliyoyafundisha juu ya kuiacha sadaka na kwenda kwanza kupatana. Nilikuwa nikimpelekea sukari na mafuta, nikimlipia nauli ya kliniki, nikifanya kila kitu isipokuwa kulisema lile neno moja. Na ndani yangu kitu kilikuwa kikiliwa. Nikawa mkali kwa watoto wa Komunyo ya Kwanza. Nikawa nakiepuka kile kigango.

Ajali ilikuwa moja. Kwangu ilizaa kutu, kwa sababu niliifunika. Kwake ilizaa kitu kingine, ambacho sote tumekiona: uvumilivu wake na wagonjwa, jinsi anavyokaa kando ya vitanda bila haraka, jinsi watu wenye maumivu wanavyomwita yeye kabla ya kuniita mimi. Hakupakwa hayo na mtu. Yalikua juu yake kidogo kidogo, katika maumivu.

Siku ile, mwalimu alipokwisha kuondoka, nilimwambia Katekista yote, na nikamwomba msamaha. Alikaa kimya kwa muda, akiigeuza ile skrubu mkononi. Kisha akasema: "Nilikusamehe siku ile ile, Baba. Nilikuwa nangoja tu uje kuuchukua msamaha wako." Ruhusa ya kuandika haya nimeipata kwake.

Nisieleweke vibaya. Simaanishi kwamba maumivu ni mema, wala kwamba mfupa wa Katekista ulivunjika ili mimi nipate cha kuhubiri. Laiti tungelala kigangoni usiku ule! Tena mfano wangu una mpaka wake: metali haichagui kuwa chuma au titani, bali sisi tumepewa hiari na neema. Ninachosema ni kwamba lililotokea haliwezi kurudishwa nyuma, kama vile dhahabu ile isivyorudi kuwa buluu kwa kupunguza umeme. Kilichobaki mikononi mwetu ni kulileta mwangani au kulifunika.

Ndiyo maana nampenda Tomaso wa Dominika hii. Bwana mfufuka angaliweza kuwatokea wanafunzi wake akiwa na mwili usio na alama yoyote. Hakufanya hivyo. Alikuja na majeraha yake, akayaonyesha, na kwa majeraha hayo hayo Tomaso akamtambua. Mateso ya Ijumaa Kuu hayakufutwa katika mwili wake. Yamekuwa mahali pa kung'aa utukufu.

Juma hili kila mmoja wetu ajiulize: ni jambo gani nimelifunika kwa mvua na barabara mbovu? Na ni nani anayeningoja niende kuuchukua msamaha wake?

Tuombe. Ee Yesu mwenye huruma, uliyewaonyesha wafuasi wako majeraha yako bila kuwalaumu, utupe ujasiri wa kuyaleta yetu mbele yako na mbele ya ndugu zetu, yasiendelee kutula ndani kwa ndani, bali yaakisi mwanga wako. Amina.

Nawatakia Dominika njema ya Huruma ya Mungu.

Wenu katika Kristo,
Paroko