"Sawa" Haitoshi: Mwanafunzi wa Fasihi Mbele ya Lugha ya Marubani

Sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili tumefundishwa kulithamini neno lenye maana nyingi. Mshairi anaposema jambo moja, akadokeza la pili na kulificha la tatu, humsifu kwa ustadi wake. Katika semina zetu, anayelifumbua fumbo kwa njia nyingi zaidi ndiye anayehesabiwa kuwa amesoma vyema. Nimelelewa katika imani hiyo na sina nia ya kuikana. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiishi jirani na lugha ambayo sheria yake ya kwanza ni kwamba neno liwe na maana moja tu. Hiyo ni lugha ya marubani redioni. Nimeona vyema kuieleza katika jarida letu kwa sababu imenifanya niyatazame upya baadhi ya mambo ninayodhani kuwa nayajua kuhusu Kiswahili.

Niliingia katika lugha hiyo kwa mlango wa nyumbani. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ndege ya abiria ilirejea Uwanja wa Wilson ikatua salama. Watu wawili waliokuwa katika ile ndogo walifariki. Wakati huo dada yangu mdogo alikuwa akijiandaa kuanza masomo ya urubani katika uwanja uo huo. Mama alinipigia simu kutoka nyumbani, akaniambia kwamba mimi ndiye mkubwa, na kwamba neno langu kwa mdogo wangu lina uzito. Alitaka nimzuie.

Nilizungumza naye. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, "Kaka, kabla hujaniambia niache, nisaidie kwanza nijue ninachopaswa kusema nikiwa huko juu." Akanipa kitabu cha mawasiliano ya redio. Tangu siku hiyo, jioni nyingi katika chumba chetu cha Nairobi West, mimi ni mnara wa kuongozea ndege na yeye ni rubani. Hajaacha masomo, nami sijamwambia tena aache.

Dada yangu anajifunza kuruka kwa kanuni za kuona kwa macho. Maana yake ni kwamba rubani hujiongoza kwa kutazama nje: ardhi, mawingu, upeo wa macho na ndege nyingine. Wajibu wa kuona na kukwepa ni wake. Lakini macho ya mtu yana mipaka, hasa katika uwanja kama Wilson wenye njia mbili za kurukia zinazokatizana, shughuli nyingi, na anga ambamo mwanafunzi wa wiki ya tatu huruka jirani na rubani aliyebeba watalii kwenda Maasai Mara. Redio humpa rubani jicho la pili. Kwa kuwa wote huwa katika masafa yaleyale, kila mmoja husikia asemalo mwenziwe na kuchora akilini picha ya mahali kila ndege ilipo.

Jambo la kwanza nililolitambua ni kwamba mwito wa rubani una muundo wa hodi. Mgeni mstaarabu hafiki mlangoni akaanza kueleza haja yake. Hubisha, hujitambulisha, kisha husema kilichomleta. Rubani naye humtaja kwanza anayemwita, hujitaja mwenyewe, husema yuko wapi na kwa kimo gani, kisha husema anataka nini: "Mnara wa Wilson," halafu herufi za ndege yake, kisha aina ya ndege, "juu ya Athi River, futi 7,000, naomba kuingia nitue." Hodi isiyojibiwa hairuhusu mtu kuingia, na hali ni hiyo hiyo katika anga inayoongozwa. Hata mwongozaji akijibu "subiri", hiyo bado si ruhusa. Kuna adabu nyingine ambayo Mswahili ataitambua mara moja. Rubani haruhusiwi kulifupisha jina la ndege yake mpaka mwongozaji atangulie kulifupisha, kama ambavyo mdogo hatumii jina la mkato mbele ya mkubwa mpaka mkubwa mwenyewe aanze.

Kabla ya yote, rubani husikiliza. Akibonyeza kitufe wakati mwingine anasema, sauti zote mbili huharibika. Masafa yakiwa kimya hubonyeza, hutua kidogo, ndipo aseme, kwa kasi isiyozidi maneno 100 kwa dakika. Akipewa ruhusa ya kutua, ya kuruka au ya kuvuka njia ya kurukia, huirudia kwa mwongozaji, naye mwongozaji husikiliza kama imerudiwa sawasawa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Marubani wameigeuza hekima hiyo kuwa utaratibu, kwamba ulimi ukijikwaa, sikio la pili liudake.

Sasa nije kwenye neno lililonikosesha usingizi, nalo ni "sawa". Katika mazoezi yetu, kila nilipompa dada yangu agizo kwa Kiswahili, alijibu "sawa". Siku moja nilimuuliza, sawa ipi? Je, umenisikia? Je, umekubali kufanya? Au unajibu ndiyo kwa swali langu? Katika lugha ya redio hayo ni mambo matatu yenye maneno matatu. "Roja" ina maana kwamba nimeupokea ujumbe wako wote, basi. "Wilko" ina maana kwamba nimeuelewa na nitautekeleza. "Afemu" ni ndiyo. Neno hili la tatu lilifupishwa makusudi, kwa kuwa umbo lake refu linaishia kwa sauti zilezile za neno la Kiingereza la kukana, na redio mbovu ikimeza mwanzo, ndiyo na la husikika kama kitu kimoja.

Tusidhani kwamba hizi ni hila za wanaisimu wasio na kazi. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana ardhini katika ukungu mzito. Watu 583 walikufa. Rubani msaidizi wa KLM alikuwa ametoa kauli iliyoweza kueleweka kuwa wako tayari kuruka au kwamba tayari wanaruka. Mwongozaji alijibu kwa neno la Kiingereza ambalo kwetu ni "sawa", kisha akaongeza kwamba wasubiri. Nyongeza hiyo haikusikika barabara, kwa sababu wakati uleule rubani wa Pan Am naye alikuwa akisema. Kilichofika kikamilifu ni ile "sawa". Baada ya ajali hiyo, neno la Kiingereza la kupaa liliwekewa uzio, likawa halitamkwi ila pale ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Kwingineko husemwa "kuondoka".

Mfano wa pili ni wa tarehe 25 Januari 1990. Ndege ya Avianca kutoka Kolombia ilicheleweshwa angani karibu na New York hadi mafuta yakaisha, ikaanguka Cove Neck, na watu 73 wakafa. Marubani walikuwa wameomba wapewe kipaumbele. Hawakulitamka neno lile mahususi la dharura ambalo lingewafanya waongozaji wawaondolee kila kizuizi. Ndege hizi hazikuwa zikiruka kwa kanuni za kuona, lakini mwanafunzi wa Wilson hufunzwa msamiati uleule.

Upande wa matamshi nao ulinifurahisha. Alfabeti ya redio iliyoanza kutumika mwaka 1956 haikutungwa kwa ajili ya Waingereza peke yao. Neno la kwanza huandikwa "Alfa", kwa f, na lile la J huandikwa "Juliett" kwa t mbili, ili msomaji wa lugha nyingine asiyatamke vibaya. Tarakimu tatu hutamkwa "tri", bila ile sauti ya ulimi katikati ya meno, na tisa huongezwa silabi ili isifanane na tano. Wengi wetu tulichekwa darasani kwa kusema "tri". Angani, aliyechekwa ndiye aliyesema sahihi.

Hapo ndipo swali lililokuwa likinisubiri lilipojitokeza. Je, Kiswahili kinaweza kufanya kazi hii? Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinaruhusu mawasiliano yafanywe kwa lugha itumiwayo kwa kawaida na kituo cha ardhini, au kwa Kiingereza. Nilipomweleza dada yangu hayo, alicheka. "Kaka, huko juu sihitaji kusifiwa kwa lugha yangu. Nahitaji kueleweka." Badala ya kubishana naye, niliamua kuijaribu lugha yenyewe kwa vigezo vyake.

Nilianza na ukanushi. "Nitatua" na "sitatua" hutofautiana kwa silabi moja tu, na silabi hiyo ni ya kwanza, ambayo ndiyo humezwa rubani anapoanza kusema kabla kitufe hakijashika. Kinachobaki katika hali zote mbili ni "tatua". Wakati uliopo una kinga kidogo, kwani "ninaiona" na "siioni" hutofautiana pia mwishoni. Wakati ujao hauna kinga hiyo. Basi rubani wa Kiswahili angelazimika kutumia kauli kama "nakatiza kutua", yenye kitenzi tofauti kabisa.

Nikaja kwenye saa. Mwongozaji akitaka kumwonyesha rubani ndege nyingine hutumia uso wa saa: pua ya ndege ni kumi na mbili, bawa la kulia ni tatu, mkia ni sita. Ndege iliyo kwenye mbili iko mbele, upande wa kulia. Lakini sisi tusemapo saa mbili, mkono wa saa umeelekea nane. Mwenye kufuata mazoea ya Kiswahili angetazama nyuma kushoto, upande ulio kinyume kabisa, huku ndege inamjia kutoka mbele. Katika urukaji wa kutegemea macho, sekunde hizo ndizo uhai wenyewe.

Mwisho nikajaribu tarakimu, na hapa nilipata hofu na faraja kwa pamoja. "Nne" na "nane" hukaribiana mno katika redio yenye mikwaruzo. "Sita" na "tisa" zina konsonanti zilezile zilizobadilishana nafasi. Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipokumbuka kwamba Kiswahili kina neno jingine la tisa. Wazee husema kenda karibu na kumi. Neno "kenda" tunakutana nalo katika tungo za kale, tunaliandikia maelezo pembeni na kupita. Kumbe ndilo lingeiepusha tisa na sita bila kuunda neno jipya. Vivyo hivyo, wanamaji wa pwani wametuachia "omo" kwa upande wa mbele na "tezi" kwa upande wa nyuma, maneno ambayo hayahitaji uso wa saa yoyote.

Sipendekezi kwamba kesho asubuhi Wilson ihamie Kiswahili. Picha ile ya pamoja inayojengwa na masikio huvunjika pale mmoja anaposema lugha asiyoielewa mwingine, na anga ya Nairobi hutumiwa na wageni kila siku. Lakini pia sikubali kwamba suala hili limefungwa kwa sababu ya ulegevu wa lugha yetu. Nchini Kanada, marubani waligoma mwezi Juni 1976 kupinga matumizi ya Kifaransa katika uongozaji wa ndege jimboni Quebec, wakidai kuwa ni hatari. Tume iliyoundwa ilichunguza, majaribio yakafanywa, na mwaka 1979 ikahitimisha kuwa lugha mbili zingeweza kutumiwa kwa usalama. Jambo liliamuliwa kwa vipimo, wala si kwa hisia za upande wowote.

Hicho ndicho ninachowaomba wanafunzi wenzangu na walimu wetu. Tumezoea kuunda istilahi kwa kutafsiri orodha, tukiridhika neno likipata sura ya Kibantu. Neno la redio linataka mtihani mwingine: lisomwe kwa sauti katika kelele, likatwe silabi ya kwanza, lisemwe na mtu mwenye hofu, kisha tuone kama bado linasimama peke yake. Kazi hiyo inahitaji mwanafonolojia, mtaalamu wa lahaja na msomaji wa tungo za kale ajuaye lilipolala neno kama "kenda". Manufaa yake hayangeishia angani, kwani manesi, mabaharia, askari wa zimamoto na wanaofukuza wanyama kwenye viwanja vidogo vya mbugani hupashana habari kila siku kwa Kiswahili, na kwao pia "sawa" moja hubeba maana tatu.

Dada yangu amekubali kunisaidia. Tumeanza na tarakimu kumi na vitenzi ishirini, yeye akiwa upande mmoja wa redio mbili za mkono tulizoazima na mimi upande wa pili, nikisimama karibu na barabara ya matatu ili kelele zisikosekane. Anayetaka kujiunga nasi anakaribishwa.